Trei ya Waliotulia

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka leo saa nne asubuhi, na saa nne na robo ndoo ilikuwa imeshawekwa kwenye korido ya kliniki, palepale ilipokaa mwaka jana. Paa letu halina haya.

Daktari wa moyo ametugawia madaftari, mimi na Sista. Anataka msimu huu kila mmoja aandike mchoro wa moyo uliomshinda, tarehe na sababu, ili mvua zikiisha tusomeane. Sista, ambaye tunamwita Spika kwa sababu hata akinong'ona anasikika hadi dirisha la dawa, aliuliza kama kurasa zitamtosha. Nimepima mioyo ya watu miaka kumi na mmoja. Nabandika waya kifuani, nabonyeza mashine, karatasi inatoka, naisoma. Sikumbuki mchoro ulionishinda. Kwa hiyo humu nitaandika mambo yangu.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Wagonjwa thelathini na mmoja. Miguu inawaka moto.

Jumapili, 8 Machi

Mjomba hakumaliza chakula, na si kawaida yake. Amekaa nasi tangu baba alipofariki, katika chumba cha uani kinachonuka tapentaini. Ni fundi rangi. Kuta alizopaka ndizo zilizonisomesha, na mimi ndiye mtoto pekee aliyewahi kupelekwa chuoni na mjomba mwenye madoa ya kijani masikioni.

"Mbona unakichezea, Kaka?" Mama akamuuliza.

"Chakula kinanuka rangi."

"Wewe ndiye unayenuka rangi," nikasema, tukacheka wote.

Miaka miwili sasa moyo wake unapiga ovyo: mara tatu haraka, kimya, mbili, kimya kirefu, nne. Vyumba vya juu vya moyo wake vinatetemeka tu badala ya kujikunja sawasawa. Kila asubuhi anameza kidonge kidogo cheupe cha kupunguza kasi, na Mama husimama mlangoni mpaka amwone amemeza. Jumatano ni zamu yake ya kupimwa.

Jumatano, 11 Machi

Leo nimefurahi, na nataka niandike nikiwa bado na furaha.

Mjomba alikuja kliniki na shati lake la safari. Nilimbandika waya huku akilalamika kwamba mikono yangu ina baridi. Karatasi ikatoka, nami nikaishika kama mtu aliyepata barua. Mapigo arobaini na sita kwa dakika, na yamepangana kama vifungo vya shati! Miaka miwili ya vurugu, leo yamenyooka.

"Nimepona?" akauliza.

"Moyo umeshika adabu, Mjomba."

Spika akapiga vigelegele hadi wagonjwa wa korido wakachungulia.

Hapa kwetu kuna trei mbili. Ile nyekundu ni ya michoro ambayo Daktari lazima aione siku hiyohiyo, mgonjwa akiwa bado amekaa kwenye benchi. Ile nyeupe tunaiita ya waliotulia. Hao huendelea na dawa ileile na hurudi baada ya miezi mitatu, na michoro yao Daktari huisaini Ijumaa kwa mkupuo. Anayechagua trei ni mimi. Hakuna sheria iliyoandikwa, ni mazoea tu, na kuaminiwa. Nikaandika juu ya karatasi: *Mapigo yamenyooka. Amepata nafuu.* Nikaiweka kwenye nyeupe.

Alipokuwa anafunga vifungo, Mjomba alitazama juu. "Taa zenu siku hizi ni za njano?"

"Ni nyeupe, Mjomba. Umezeeka."

Mama amesali sala ndefu ya shukrani jioni hii.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua haijakatika tangu jana. Nguo hazikauki.

Jumanne, 17 Machi

Balaa. Nimerudi kutoka kazini nimemkuta Mwalimu Mkuu mstaafu sebuleni kwetu, mwavuli unamwaga maji sakafuni. Ndiye mteja wa Mjomba. Ni mama mnyoofu, asiyetaka mchezo.

"Fundi, nilikwambia nyeupe."

"Nami nimekupakia nyeupe, Mwalimu."

"Sebule yangu ni ya buluu! Wajukuu wananiuliza kama nimefungua zahanati."

Mjomba akaapa. Akasema nyeupe ya kwenye kopo ilikuwa na unjano, naye akaikata kwa buluu kidogo, kama mafundi wafanyavyo. Kila alipoipaka akaona bado ina unjano, akaongeza. Amechanganya rangi miaka arobaini. Mwalimu akafungua mkoba akatoa kipande cha lipu alichokibandua ukutani, akakiweka mezani. Kilikuwa cha buluu. Mtoto angejua.

Mama alitazama chini. Mimi, kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu napenda kuchekesha, nilisema: "Haya jamani, nyumba hii fundi rangi haoni rangi!"

Mwalimu akacheka kidogo. Mjomba hakucheka. Alikichukua kile kipande, akakigeuzageuza karibu na macho, kisha akasema ataurudia ukuta.

Ijumaa, 20 Machi

Mjomba ameshinda kitandani, ametapika mara mbili. Mama anasema malaria. Nimempima, hana. Nikamshika mkono nikahesabu mapigo: arobaini na mbili, yamenyooka kabisa. Nikamwambia Mama moyo ni mzima, hilo ni tumbo. Mama akatulia, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua.

Jumatatu, 23 Machi

Mjomba ameanguka.

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa hakina utaratibu. Asubuhi alijikokota kwenda kuurudia ukuta wa Mwalimu. Alikanyaga kipago cha kwanza cha ngazi, cha kwanza tu, akalegea, akashuka chini na kopo lake. Mwalimu alimpakia kwenye gari lake na kumleta kliniki. Nilitoka kuwapokea nikiwa sijui ni nani. Nikaona nywele zilizomwagikiwa rangi nyeupe, nikafikiri ni mzee mwingine kabisa, mpaka nilipoona masikio.

Nilimbandika waya mimi mwenyewe. Thelathini na moja. Yamenyooka.

Daktari aliishika karatasi, akaisogeza dirishani. Hakuangalia milima mirefu ya mchoro, ambayo kila mtu huiangalia. Aliweka kucha kwenye mstari mdogo ulio kati ya mlima na mlima, akautembeza polepole, kama mtu anayetafuta mshono. Kisha akainama.

"Mzee, taa ile unaionaje?"

"Ya njano," Mjomba akasema kwa sauti ya mbali. "Ina duara. Lakini mpwa wangu anasema ni uzee."

Daktari hakunitazama. Afadhali angenitazama. Aliuliza kuhusu chakula, kutapika, na kile kidonge cheupe. Akaamuru kisimamishwe papo hapo, na Mjomba alazwe kwenye wodi yetu ndogo. Akasema huenda figo zimechoka na dawa haitoki mwilini, inajazana siku hadi siku mpaka inageuka sumu, na sumu hiyo ndiyo inayopaka ulimwengu njano. Au huenda waya za moyo zenyewe zimekatika kwa umri. Kipimo cha kiwango cha dawa kwenye damu hapa hakuna. Damu imetumwa mbali, majibu baada ya siku kumi.

"Mchoro wake wa mara ya mwisho uko wapi?" akaniuliza. "Nikiuona nitajua. Kama alianza kushuka kidogokidogo, ni dawa, tutangoja itoke. Kama amekatika ghafla, itabidi tumsafirishe akafunguliwe kifua, awekewe mashine ya kuuendesha moyo. Kwa hali hii, safari yenyewe siipendi."

Nilijua uko wapi. Nilijua na nilichoandika juu yake.

"Faili liko stoo," nikasema. "Litatafutwa."

Nikaenda stoo peke yangu. Nikalifungua faili. *Mapigo yamenyooka. Amepata nafuu.* Mwandiko wangu mzuri, na chini yake sahihi ya Daktari ya Ijumaa. Nikaukunja mchoro mara mbili, nikautia mfukoni. Sikuamua. Mkono ulifanya, nami nikaufuata.

Uko hapa, kati ya ukurasa huu na unaofuata.

Jumanne, 24 Machi

Nimeutazama mchoro kwa lenzi ya Mama ya kusomea. Nauandika sasa, kwa mara ya kwanza, kama Daktari alivyotaka.

Moyo una kituo juu kinachotoa amri. Amri inateremka hadi katikati, kwenye kivuko kilicho kati ya vyumba vya juu na vya chini, inasubiri kidogo pale, kisha inapita na moyo unapiga. Kivuko hicho si njia tu. Amri isipofika, kivuko kinaanza kupiga chenyewe, polepole, arobaini hadi sitini kwa dakika, kwa unyoofu wa ajabu. Ni kama dada mkubwa mama asipokuwepo: watoto wanaoga, wanakula, wanalala kwa saa. Jirani anayepita nje anasema, tazama nyumba ilivyotulia. Hajui kwamba mama hayupo.

Ndivyo ulivyokuwa moyo wa Mjomba. Kati ya mlima na mlima, mstari bado unatetemeka. Vyumba vya juu havikupona hata kidogo. Ila dawa ilikuwa imefunga mlango wa kivuko, hakuna tetemeko lililopita, na kivuko kikajiamulia. Mtu ambaye moyo wake umekuwa ovyo miaka miwili hanyooki bure bure. Unyoofu ule ndio uliokuwa ugonjwa.

Nililisoma darasani. Nililijibu kwenye mtihani, nikapata vizuri. Siku ile sikuangalia mstari mdogo kwa sababu nilishaanza kushangilia.

Jumatano, 25 Machi

Thelathini na tatu.

Alhamisi, 26 Machi

Thelathini na mbili. Mama amekaa naye. Ananiambia, "Mungu ametupa wewe humu ndani, la sivyo tungemwona nani?" Nikaenda kuimwaga ndoo ya korido ambayo haikuwa imejaa.

Ijumaa, 27 Machi

Daktari amemgombeza Spika mbele ya wagonjwa. Mafaili ni kazi yake. Mchoro wa Mjomba haupo, na ni yeye aliyepokea karatasi za wiki ile.

"Sijawahi kupoteza hata moja," Spika akasema.

"Basi ilete."

Alipekua kabati tatu, akapanda kiti, akashuka, akapekua mapipa. Nilimsaidia kutafuta! Nilipiga magoti pembeni yake na kufungua droo, karatasi ikiwa kwenye mkoba wangu, hatua mbili kutoka kwetu. Mchana nilimkuta nyuma ya pazia la chumba cha kufungia vidonda, analia. Miaka sita ya kufanya kazi pamoja, leo ndiyo mara ya kwanza sikumsikia.

Nikarudi mezani kwangu. Sikumwambia. Naandika hili nione linavyosomeka. Linasomeka vibaya.

Jumapili, 29 Machi

Thelathini na tatu. Miguu ya Mjomba imevimba. Ameniuliza kama ukuta wa Mwalimu umepakwa na fundi mwingine. Nikasema bado.

"Basi mwambie angoje," akasema. "Nisiondoke nimemwachia mtu zahanati sebuleni."

Nilicheka, kisha nikashindwa kuacha, na kicheko kikageuka kitu kingine. Akanishika mkono akidhani namlilia yeye. Na ni kweli namlilia, ila si hivyo tu. Kesho Daktari anapiga simu ya kumsafirisha. Hana mchoro wa zamani, hawezi kungoja zaidi. Mjomba atasafirishwa kwenye barabara ya matope akiwa na mapigo thelathini na tatu, afunguliwe kifua ambacho pengine hakihitaji kufunguliwa, ili mwandiko wangu usionekane.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nimeficha maradhi ya mtu mwingine.

Jumatatu, 30 Machi

Nimefika kabla ya wote. Daktari alipoingia, koti linachuruzika, alikuta mchoro juu ya meza yake, umenyooshwa, na mimi nimesimama.

"Umeupata wapi?"

"Sikuupata. Niliuchukua."

Alisoma mwandiko wangu. Akaweka kucha kwenye mstari mdogo, akautembeza. Kisha akafika chini, kwenye sahihi, akasimama hapo muda mrefu kuliko alivyosimama kwenye maneno yangu.

"Hii ni sahihi yangu."

"Ndiyo, Daktari."

"Ijumaa ile nilisaini arobaini nikiwa nimesimama, ufunguo wa gari mkononi." Akavua miwani. "Arobaini na sita tarehe kumi na moja. Nyumbani ulimpima tena?"

"Arobaini na mbili. Tarehe ishirini."

"Halafu thelathini na moja. Na dawa akawa anameza kila siku."

"Mama alimsimamia mlangoni," nikasema.

Daktari akavaa tena miwani. Akasema mapigo yameshuka hatua kwa hatua, ni dawa, hatamsafirisha. Tutangoja. Kama ningeutoa Jumatatu iliyopita, angelala usingizi wiki nzima. Nilianza kusema kuwa nilikuwa na wagonjwa wengi siku ile. Akainua mkono.

"Kusoma vibaya ni kosa letu wawili, tutalifundisha wengine. Kuficha ni lako peke yako. Hilo nitaliandika, na hutasoma mchoro mpaka nikupime upya."

Nikasema sawa. Kisha nikamwomba aniitie Spika, na wagonjwa wa korido wabaki palepale walipo, maana alifokewa mbele yao. Nikasimama kando ya ndoo nikasema: karatasi haikupotea, niliiiba mimi, Sista hana kosa. Watu wakaangalia viatu vyao. Spika alinitazama, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Ulinisaidia kutafuta."

Trei nyeupe Daktari ameibeba mwenyewe na kuiweka chini ya sehemu inayovuja.

Jumatano, 1 Aprili

Thelathini na sita. Nilimwambia Mjomba leo. Nilimweleza yote: mstari mdogo, trei, kuchukua karatasi. Nilitegemea atasema, mwanangu, binadamu hakosi kukosea. Nilikuwa hata nimeandaa machozi ya kulipokea neno hilo.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Nilikwambia taa ni za njano."

"Uliniambia."

"Nilimwapia yule mama kwa jina la Mungu. Nikajiona mwongo, au mwehu. Usiku nilikuwa nafungua makopo naangalia, naogopa. Fundi rangi akipoteza macho ana nini? Na wewe ukanicheka mbele ya mteja." Alivuta pumzi. "La moyo nimekusamehe, sielewi mambo ya moyo. Hili lingine bado. Niache kidogo, mwanangu."

Akageukia ukutani. Nikaondoka. Nilikuwa nimejilaumu kwa kosa moja wiki nzima, na kumbe lililomuuma ni lingine.

Alhamisi, 2 Aprili

Arobaini na moja. Hajaongea nami.

Ijumaa, 3 Aprili

Majibu ya damu yamekuja: dawa zaidi ya mara mbili ya kiwango. Arobaini na tano. Ameniomba maji, basi.

Jumamosi, 4 Aprili

Nilikuwa nabadilisha shuka la kitanda cha jirani. Mashine ya Mjomba, ambayo siku kumi na mbili imelia tik, tik, tik kama saa ya ukutani, ikaruka moja. Nikasimama. Ikalia mbili kwa pamoja. Kimya. Tatu. Kimya kirefu. Moja.

Spika alikuja mbio, akatazama kioo, akanitazama mimi. "Imeharibika?"

"Hapana," nikasema. "Mlango umefunguka."

Akapiga vigelegele. Kisha akakumbuka kuwa amenikasirikia, akanyamaza katikati.

Jumamosi, 16 Mei

Sijaandika wiki sita. Mvua zimeisha. Mjomba yuko nyumbani kwa dawa nyingine. Juzi Daktari alinipima upya kwa michoro hamsini, nikakosa mmoja, nami nimeushona humu na tarehe yake. Spika ananisalimia, kwa sauti ya wastani. Kuna trei moja tu.

Leo Mjomba alinigongea mlango asubuhi. "Chukua brashi."

Tukaenda kwa Mwalimu. Alikuwa ameungoja ukuta wake miezi miwili, amekataa mafundi watatu. Mjomba haruhusiwi ngazi, kwa hiyo alikaa kwenye kiti katikati ya sebule akichanganya na kuamuru, nami nikapanda. Nimepaka vibaya, ameniambia kila dakika. Saa tisa alasiri jua likaingia dirishani, akaniita nishuke nisimame kando yake.

"Ni rangi gani?"

"Nyeupe, Mjomba."

"Hujaangalia. Umejibu unachotaka kiwe."

Nikaangalia. Nilianzia kona ya juu, nikateremka taratibu, ubavu kwa ubavu, hadi chini ya dirisha, na pale, upana wa kiganja, nikaona.

"Hapa chini buluu bado inachungulia."

"Eeh," akasema. "Mimi pia naiona."

Akaninyooshea mkono nimwinue kwenye kiti. Vidole vyangu vikaangukia penye mshipa, kwa mazoea. Mbili, kimya, moja, tatu haraka, kimya kirefu. Nilihesabu dakika nzima naye hakuuvuta mkono wake, kisha tukaenda kuipaka ile sehemu ya chini.